Lazima Asomewe Kwanza

Sijui mhariri alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani, na miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kumuuliza. Ninachojua ni kwamba sijaona mtu mwaminifu kama yeye, na kwamba uaminifu wake ndio uliomuua mume wangu. Watu wa Kilosa hawapendi nikisema hivyo. Wananiambia, Mama Melania, waliomuua mumeo ni wale wenye mapanga. Najua. Nilikuwepo. Na hao nao nitawataja, wala sitawangojesha mpaka mwisho: aliyepanga ni Idrisa Kobelo, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji chetu, na aliyeleta vijana ni Yusto Mahimbo, mwenye matrekta. Haya, nimewataja. Sasa niacheni niseme habari za mhariri.

Gazeti lilikuwa la kurasa nane, la kila Jumamosi. Lilichapwa Morogoro, likaja na basi la asubuhi, bando moja likashushwa Mikumi barabarani na mabando mengine yakaletwa Kilosa. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya fundi cherehani, si mbali na stesheni. Mle ndani kulikuwa na meza mbili, kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi, na mimi. Kazi yangu ilikuwa kupachika kurasa za kati na kukunja. Siku tatu za wiki nilikuwa kwake, siku nyingine nilikuwa shambani bondeni na mume wangu Remi.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu. Kwa mhariri hilo halikuwa aibu, lilikuwa sifa ya kazi. Alipomaliza kuandika habari aliniita.

"Mama Melania, acha hizo karatasi. Kaa hapo usikie."

Nakaa. Ananisomea, tena akiwa amesimama, kama anasoma mbele ya kanisa. Akimaliza ananiuliza, "Nani kafanya nini?" Nikimjibu sawasawa, habari inakwenda Morogoro. Nikibabaika, anaichana vipande na kuanza upya, hata kama basi linapiga honi. Alikuwa akiniambia, "Wewe ukiwa hujaelewa, Kilosa nzima haijaelewa." Mimi nikavimba kichwa. Nani alikuwa ameniuliza maoni yangu kabla yake? Kwa njia hiyo nikajifunza kusoma vizuri, polepole, kwa kidole, mpaka nikaweza kusoma gazeti zima kabla maharage hayajaiva.

Alivaa koti la mvua masika na kiangazi. Mfuko wa ndani wa koti hilo ndimo habari zilimokaa kabla ya kuchapwa. Pikipiki yake nyekundu aliiendesha taratibu mno, watoto wa shule wakimpita kwa baiskeli na kumpungia. Nyumbani kwa mtu aliyekuwa akimwandika hakula wala hakunywa chai. Maji tu, na hayo aliyaomba mwenyewe.

Salamu aliishika kama sheria. Siku moja aliingia kijana mmoja kutoka ofisi fulani kubwa, shati jeupe, simu mbili, ndiyo kwanza kahamia kutoka Dar.

"Mzee, nimetumwa na bosi."

Mhariri akaendelea kuandika.

"Mzee, nina haraka kidogo."

Anaandika.

Yule kijana akanitazama mimi, mimi nikatazama magazeti yangu. Fundi cherehani kule mbele akasimamisha mashine ili asikie vizuri.

"Shikamoo," kijana akasema.

"Marahaba, baba! Karibu kiti. Nani kakutuma?"

Lakini ukubwa wa cheo haukumpa mtu njia ya mkato, wala udogo haukumfungia mlango. Kama mlinzi wa ghala alikuwa amemzidi umri hata mwaka mmoja, mhariri alimwamkia yeye kwanza, hata kama alikuwa amekuja kumuuliza kuhusu magunia yaliyopotea.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni maneno ya kujificha. Waandishi wake wawili wa mitaani wakimletea habari yenye "inasemekana", aliwarudishia hapo hapo. "Inasemekana ndiyo nini? Nani kasema? Ana kichwa na miguu au ni upepo?" Nilimsikia akimgombeza mmoja mpaka jasho likamtoka. "Kama hakuna aliyesema, na sisi tusiseme. Kama yupo, mtaje." Nayakumbuka maneno hayo neno kwa neno, na nitawaeleza kwa nini.

Sasa nifike kwenye desturi yake, ile iliyomfanya ajulikane kutoka Mikumi mpaka milimani Mamboya. Mhariri hakuchapa habari ya kumtuhumu mtu bila kwenda kwanza kumsomea mtu huyo. Si kumpigia simu. Si kumuuliza maswali mawili mlangoni. Alikwenda kwake na karatasi yenyewe, anavua viatu, anaomba maji, anasimama, anamsomea habari yote tangu kichwa mpaka nukta ya mwisho. Kisha anaisoma mara ya pili. Halafu anauliza, "Niongeze nini, nipunguze nini?" Mtu akisema kosa liko hapa, na akalionyesha, mhariri alirekebisha. Mtu akiomba muda wa kujibu, alipewa wiki moja kamili, habari ikakaa kwenye koti. Na chochote alichojibu kilichapwa chini ya habari, kama alivyokitamka, chini ya maneno mawili: Majibu Yake.

Mtuulize sisi tuliokunja. Watu hawakuanza na ukurasa wa kwanza. Walianza na Majibu Yake.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja aliyepaka mahindi ya kula rangi ya mbegu na kuyauza gulioni kama mbegu, wakulima wakapanda wakapata majani. Mhariri akamsomea. Yule bwana alisikiliza mara zote mbili, akafikiri, akasema, "Ongeza hapo kwamba rangi yenyewe niliinunua kihalali." Ikachapwa. Mwaka mzima mtu akikosea kitu Kilosa, wenzake walimwambia, ongeza kwamba rangi ulinunua kihalali.

Alipanda milima nusu siku, njia ya Mamboya, kwenda kumsomea mwalimu mkuu mmoja habari ya mistari minne kwamba wanafunzi wake walikuwa wakimlimia maharage. Pikipiki ikamfia njiani, akaisukuma. Majibu yake mwalimu: "Maharage yenyewe hayakuota." Kuna waliolia. Kuna waliomletea mbuzi, mbuzi akarudishwa kwa kamba yake. Mke wa kiongozi mmoja alimchapa na mwiko wa ugali, na mhariri akaandika kwenye Majibu Yake kwamba mtuhumiwa hakuwa na la kusema ila mkewe alijibu kwa mwiko.

Hata nyumbani kwake hapakupona. Familia yake ilikaa Mikumi, mkewe alikuwa na kibanda cha vitunguu na nyanya kandokando ya barabara kuu. Mhariri akaandika habari ya vibanda vilivyosogea mpaka kwenye lami, magari yakikwepana navyo, na kibanda cha mkewe kilikuwa cha tatu kwenye orodha. Ijumaa akaenda Mikumi, akavua viatu mlangoni kwake mwenyewe, akaomba maji, akasimama akamsomea. Mkewe akamjibu: "Wajulishe wasomaji kwamba mwandishi wa habari hii anakula kutoka kwenye kibanda hicho hicho, na wiki hii atajua pa kula." Akayachapa yote. Jumatatu alikuja ofisini amekonda.

Tulicheka, jamani. Tulimpenda. Watu walisema huyu mzee hamwonei mtu. Na ni kweli hakumwonea mtu. Mkosaji akisomewa, alijua hakuviziwa, alijua adui zake hawakumnunua mhariri, na wengi wakarudisha walichochukua kabla hata ya Jumamosi. Kwa wezi wa maharage desturi ile ilifanya kazi vizuri kabisa. Kasoro yake ni moja tu, na mhariri hakuiona, na nitasema baadaye kwamba mimi nami sikuiona.

Bonde letu liko upande wa chini wa mto Mkondoa. Sisi wakulima tulikuwa na mpunga na mboga, na upande wa pili kulikuwa na maboma ya wafugaji waliotukuta hapo miaka mingi nyuma. Tuligombana nao, sitadanganya. Ng'ombe wakiingia shambani tulikwenda kwa mwenye ng'ombe, tunapimana maneno, tunapatana. Jirani wa karibu alikuwa mama mmoja mzee wa Kimasai tuliyemwita Yeyo, maana kila mtu bomani kwake alimwita hivyo. Alikuwa akiniuzia maziwa na kunitania kwamba mpunga wangu ni majani ya ng'ombe niliyokosea kuyavuna.

Remi wangu ndiye aliyekuwa akisimamia mashine ya maji ya bondeni. Asubuhi moja alikwenda kuiwasha mapema, akaona ng'ombe wamejaa kwenye mpunga. Lakini waliokuwa wakiwaswaga hawakuwa wafugaji. Walikuwa vijana wa Mahimbo, anawafahamu kwa majina. Wamewafungulia ng'ombe wa watu kwenye zizi na kuwaingiza shambani. Remi akajificha nyuma ya mashine, akawasikia wakisema mwenyekiti kataka vurugu iwe kubwa, wakulima na wafugaji wakiumizana wote wataondolewa, bonde libaki kwa Mahimbo alilime kwa trekta. Ndivyo ilivyokuwa. Kobelo na Mahimbo walikuwa mtu na shemeji yake, na walikuwa wameshagawana bonde letu kichwani tukiwa bado tunapalilia.

Mimi ndiye niliyempeleka Remi kwa mhariri. Hakuna aliyenilazimisha. Nilimwambia mume wangu, huyu ni mtu wa haki, hataogopa. Remi akasema, "Lakini asiniandike jina." Mhariri akamshika mkono akamwahidi hatamtaja. Na hakumtaja! Alitimiza ahadi kama anavyotimiza zote. Akaandika habari, akaniita nikae nisikilize, akasimama akasoma. Mahali pa Remi aliandika hivi: "mtu mmoja aliyekuwa karibu na mashine ya maji."

"Nani kafanya nini?" akaniuliza.

Nikamjibu yote bila kukosea.

"Kuna palipokaa vibaya?"

Nikasema, "Pamenyooka, mzee."

Hayo ndiyo maneno yangu. Mke wa mwenye kushika ufunguo wa mashine ile, nimekaa kwenye kiti naambiwa nisikilize kwa niaba ya Kilosa nzima, nikasema pamenyooka. Pale ofisini "mtu mmoja" ni mtu yeyote. Bondeni kwetu mashine ya maji ni moja, na asubuhi ile aliyekuwa karibu nayo ni mmoja, na hata mbuzi anamjua. Nilikuwa nimeshaingiwa na mambo ya ofisini. Nilisikia kama mtu wa gazeti, sikusikia kama mtu wa bondeni.

Jumatano mhariri akavaa koti, akawasha pikipiki, akaenda kumsomea Idrisa Kobelo kwanza, Mahimbo angefuata.

Alivua viatu. Aliomba maji. Alisoma mara mbili, mpaka nukta. Kobelo alisikiliza kwa adabu sana, mhariri mwenyewe ndiye aliyeniambia, tena akimsifu. Kisha Kobelo akasema, "Mzee wangu, haya ni mambo mazito. Nipe wiki yangu nikujibu vizuri." Wiki yake! Kama mtu anayedai haki yake, na kwa mhariri ilikuwa haki yake kweli. Habari ikarudi kwenye koti.

Ijumaa saa nne asubuhi walikuja. Mchana kweupe, jua limewaka, hawakujifunika nyuso wala nini, kwa sababu walijua watu wa bonde hawana pa kwenda kusema. Mahimbo alibaki juu ya trekta barabarani, hakuzima hata injini. Vijana wakaenda moja kwa moja kwenye mashine ya maji. Hawakumtafuta mtu, hawakuuliza. Nilikuwa natoka kuteka maji nikaona, nikakimbilia kule, nikainua mkono. Ndiyo maana vidole viwili vya mkono huu wa kushoto havipo na kiganja hakikunji. Remi hakupata nafasi ya kusema neno. Walipomaliza wakachoma nyumba saba ili ionekane ni vurugu za bonde zima, wakapita na mbele ya maboma ili nyayo zao zielekee huko.

Na Kobelo siku hiyo alikuwa Malolo, msibani, tena katika mstari wa mbele wa wachimba kaburi, kila mtu kamwona.

Aliyenifunga mkono ni Yeyo. Alichana shuka lake mwenyewe, akanifunga, akamwambia mwanawe anipakie kwenye pikipiki anikimbize hospitali. Kijana yule alinishika kwa mkono mmoja nisidondoke, akaendesha kwa mkono mwingine.

Mhariri alikuja wodini Jumapili. Alimwamkia mama yangu shikamoo, akasimama miguuni pa kitanda, akavua kofia, na machozi yalimtoka. Nilimtajia majina. Mahimbo juu ya trekta. Vijana wanne niliowatambua, mmoja baada ya mwingine, na nani baba yake. Aliandika yote. Nikamwambia, na Kobelo, maana hakuna mwingine aliyejua kwamba Remi amesema. Kalamu ikasimama pale. Nikaona amelielewa jambo. Halafu akaandika na hilo.

Jumamosi iliyofuata mama aliniletea gazeti. Nikasoma kama alivyonifundisha, polepole, kwa kidole, kidole cha mkono uliobaki mzima. Kichwa cha habari: "Watu wasiojulikana wavamia bonde, waua mmoja."

Nilisoma mara mbili. Mpaka nukta.

Nilipotoka hospitali sikwenda nyumbani, nyumba yenyewe haikuwepo. Nilikwenda ofisini. Sikumwamkia. Ndiyo mara yangu ya kwanza na ya mwisho kuingia mle bila shikamoo.

"Nani kasema hawajulikani?" nikamuuliza. "Ana kichwa na miguu au ni upepo?"

"Mama Melania, kaa kwanza."

"Nimekaa wiki tatu."

"Nilikwenda kumsomea Mahimbo, amekana. Nikamsomea Kobelo..."

"Ulikwenda tena kwa Kobelo?"

"Lazima asomewe, mama. Amekana, ana watu wa Malolo wa kumshuhudia. Nina upande wako peke yake. Siwezi kuchapa majina kwa upande mmoja."

"Kwa hiyo ukachapa uongo kwa pande mbili."

Nikamwambia asante kwa kazi, nikaondoka, magazeti ya wiki ile sikuyakunja.

Wale mnaodhani neno lile halikumdhuru mtu, sikilizeni. Nilipopona nilikwenda bomani kumshukuru Yeyo. Alikuwa amesikia kwamba gazeti limeandika habari ile.

"Gazeti lenu limesema ni nani?" akaniuliza.

"Limesema hawajulikani."

Yeyo akatikisa kichwa. "Basi ni sisi."

Na kweli wiki hiyo hiyo vijana wa kijijini, watoto wetu, wakabeba gazeti mkononi kama kibali, wakaenda kuchoma zizi la ndama la yule aliyenifunga mkono. Nilisimama njiani nikapiga kelele kwamba si wao, ni Mahimbo, ni Kobelo. Wakaniambia, mama, umechanganyikiwa na msiba. Yeyo na watu wake wakahama. Sisi nasi tukahamishwa kwa sababu ya usalama. Leo bonde lote analima Mahimbo. Pitieni mkaone, mpunga umestawi vizuri.

Miaka yote baada ya hapo nilitaka kitu kimoja tu: waliofanya watajwe mahali panapohesabika. Nilizunguka ofisi mpaka viatu vikaisha. Kila mahali jibu ni moja. Kobelo hakuwepo, na hakuwa na sababu ya kumdhuru mume wako, alikuwa hata hajui kwamba marehemu amesema chochote. Mwaka huu, Kobelo akiwa anautaka udiwani na picha yake imebandikwa mpaka kwenye choo cha soko, nikakutana na binti mmoja wa msaada wa sheria. Alinisikiliza siku nzima bila kutazama simu. Akasema, "Mama, tunahitaji mtu wa kusema kwamba Kobelo alijua kabla ya Ijumaa. Yupo?"

Yupo. Yuko mmoja duniani.

Binti akaandika maelezo ya mhariri kwa jinsi nilivyomweleza, akanipa karatasi. Mhariri akisaini, akasema, nitamwita aje aape, na faili litafunguliwa.

Nikaenda Mikumi. Gazeti lilishakufa, watu siku hizi wanasoma kwenye simu. Nilimkuta kwenye kibanda cha mkewe, kile kile kilichorudishwa nyuma kutoka kwenye lami, anachambua vitunguu, vilivyooza huku na vizima huku, malori ya Iringa yakipita na kumpeperushia koti. Amezeeka. Lakini aliponiona alisimama.

"Shikamoo," nikasema. Sikutaka, imenitoka tu.

"Marahaba, Mama Melania." Macho yake yalikwenda kwenye mkono wangu yakarudi. "Umekuja."

Sikumweleza mengi. Nikampa karatasi. Akapangusa mikono, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti, amesimama, wateja wa nyanya wakisikia. Alipofika mahali palipoandikwa "nadhani Idrisa Kobelo alimtambua shahidi kutokana na habari niliyomsomea siku ya Jumatano," akamwomba mkewe kalamu ya kuandikia madeni.

Nikasema moyoni, sasa anafuta jina. Sasa anaandika "kiongozi mmoja".

Akafuta "nadhani". Akaandika "najua". Chini yake akaongeza kwa mkono wake: "Alimtambua kwa maneno yangu, mtu mmoja aliyekuwa karibu na mashine ya maji. Maneno hayo niliyaandika mimi." Akasaini.

Mkewe akaanza kulia juu ya nyanya. Mimi nikanyoosha mkono nipokee karatasi. Mhariri akaikunja mara mbili, kwa ustadi, akaiingiza kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaanza kutafuta kofia ya pikipiki.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Kwa Kobelo."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nimemtaja, Mama Melania. Lazima asomewe kwanza. Kesho asubuhi nitakuletea mwenyewe, na majibu yake."

Sijui niliwezaje kutompiga. Nilikwenda kwenye pikipiki yake nikachomoa ufunguo, nikarudi nikaingiza mkono huu mbovu kwenye koti lake, mbele za watu, nikatoa karatasi. Hakunizuia. Alisimama tu mikono imening'inia.

"Unaniharibia kazi yangu," akasema.

"Remi alipewa wiki ya kujibu?"

"Mama, tukimwandika mtu bila yeye kujua, tunamvizia. Tutakuwa na tofauti gani na wao?"

"Sisi hatuna panga, mzee! Hiyo ndiyo tofauti. Miaka yote hii hujaiona?"

Mkewe akasema, "Baba, kaa chini." Akasema tena, "Kaa." Mhariri akakaa kwenye kreti ya soda, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti muda mrefu. Nilimwachia mkewe ufunguo. Nilipokuwa navuka barabara akaniita, kwa sauti ile ile ya ofisini.

"Mama Melania! Basi andika kwamba sikukubali."

Nimeandika. Hakukubali. Karatasi nilimfikishia binti wa sheria mchana huo huo, na Idrisa Kobelo na Yusto Mahimbo hakuna aliyewasomea.